Wakala wa nyumba ananikataza kupika chakula cha kuuza: mwenye kujua naomba msaada

Kutoka: Mama Shamsa, Leicester

Assalaam aleikum, na wengine wote habari zenu.

Nnaomba msaada wa haraka. Nnapika nyumbani: sambusa, katlesi, mkate wa mchele, visheti, zaidi kwa maulidi, arusi na futari. Kaunsili nimejisajili, EHO, yule afisa wa afya wa kaunsili, kaja, kaangalia friji, sinki na daftari la SFBB la usalama wa chakula, kanipa 5 ya usafi, ndiyo alama ya juu. Sasa wakala kaja kukagua nyumba, kaliona friza kubwa na maboksi ya oda, na haikupita muda ikaja barua: mkataba unasema nyumba ni ya makazi tu, niache biashara au wataanza taratibu za kunitoa.

Je, nikishasajiliwa na kaunsili, mwenye nyumba bado ana haki ya kunikataza? Na nimwombe ruhusa kwa maandishi, au nikiandika ndiyo nimejifunga mwenyewe? Oda za Ramadhani nimeshazipokea, na watoto wako skuli hapa hapa mtaani.

---

Kutoka: Neema, Reading

Pole sana dada. Ila kabla watu hawajaanza kukushauri, tuambie uko hapa kwa viza gani, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Mimi nilikuja kwa COS, yaani cheti cha udhamini cha mwajiri, ya kutunza wazee na masharti yake hayakuniruhusu kujiajiri. Wenzangu zamu ya usiku walikuwa wananibembeleza niwapikie maandazi wanilipe, nikakataa mpaka nilipopata ILR, ukaazi wa kudumu. Mwanafunzi naye haruhusiwi kujiajiri, hata kama ni vitumbua vya Jumamosi tu. Lakini mke au mume aliyekuja kama tegemezi wa mwenye Skilled Worker, viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, anaruhusiwa kufanya biashara yake. Naona kina dada wengi hawalijui hilo, wanakaa nyumbani na ujuzi wao kwa hofu isiyo na msingi. Na baada ya Machi 2024, mpaka njia ya walezi kutoka nje ilipofungwa Julai 2025, walezi hawakuruhusiwa kuja na familia, kwa hiyo waliokuja peke yao wanazidi kutafuta chakula cha nyumbani. Soko lipo kweli kweli.

---

Kutoka: Juma, Barking

Dada Shamsa usiogope. Mwonyeshe huyo wakala leseni ya kaunsili, atanyamaza. Cha kuangalia ni lebo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 kila kilichofungwa lazima kiwe na lebo ya viungo vyote, na zile allajeni 14, vyakula vinavyowadhuru wenye mzio, ziandikwe kwa herufi nzito. Mke wangu ana mashine yake ya kuchapa, tunabandika kila boksi. Bila lebo ndipo watakapokukamata, si kwenye mkataba wa nyumba.

---

Kutoka: Bi Zuhura, Milton Keynes

Ndugu Juma, tusimpotoshe mwenzetu. Hiyo si leseni, ni usajili. Ni bure, watakiwa uufanye siku 28 kabla ya kuanza kuuza, na kaunsili haina uwezo wa kuukataa. Jambo lisiloweza kukataliwa haliwezi kuwa ruhusa ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Na hiyo sheria ya lebo pia umeieleza nusu. Ni ya PPDS, chakula ulichokifunga pale pale unapouzia kabla mteja hajachagua. Oda ya simu au ya WhatsApp haimo, ila lazima umweleze mteja allajeni kabla hajalipa, na tena chakula kinapomfikia.

Lakini mimi naandika lebo hata pale nisipolazimishwa, na nawaomba wenzangu nanyi muandike. Natasha, msichana ambaye sheria hiyo yaitwa kwa jina lake, alikuwa na miaka 15 alipokufa mwaka 2016. Alikula mkate wenye ufuta uliochanganywa ndani ya unga, na karatasi haikusema. Sisi ndio watu wa ufuta! Mkate wa ufuta, kashata za ufuta, twanyunyiza tu. Njugu zetu, korosho, mayai, ngano, samaki, vyote vimo kwenye zile 14. Nazi haimo, lakini mama akiniuliza kama mahamri yangu yana nazi, namjibu kwa ukamilifu bila kumwambia "kidogo tu". Anayenunua kwetu atuamini sana kwa sababu twafanana naye. Hiyo imani ni amana.

---

Kutoka: Juma, Barking

Bi Zuhura, sikumpotosha mtu. Mke wangu anauza mezani kwenye shughuli za jumuiya, na vile vimefungwa tayari, kwa hiyo lebo ni lazima. Nilisema ninachokijua. Na bado msimsahaulishe dada suala la kodi: faida ikifika paundi 1,000 ajiandikishe HMRC, watu wa kodi, apate UTR, namba ya mlipakodi.

---

Kutoka: Shangazi wa Cardiff

Wanangu, salaam. Juma, si faida, ni mauzo. Ukiuza za 1,200 na unga, nyama na mafuta vikala 900, umeshavuka, japo mkononi zimebaki 300. Hesabu inakwenda kuanzia tarehe 6 Aprili mpaka 5 Aprili inayofuata, na kujiandikisha mwisho tarehe 5 Oktoba baada ya hapo. Rekebisheni hili mnapowaambia wengine, maana linarudiwa kwa makosa kila mwaka.

Lakini mimi nataka kusema jingine. Shamsa, fomu ya kaunsili umejaza kwa jina la nani? Na pesa zinaingia akaunti ya nani? Nimekaa Wales muda mrefu na nimeona wanawake hodari wa kupika, wa kusuka, wa kushona, wa kupamba maharusi, biashara yote wanaibeba wao, na karatasi zote zina jina la mume. Akipata ajali, au ndoa ikivunjika, mwanamke anakwenda benki kuomba mkopo hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba alifanya kazi. Wateja ni wake, mapishi ni yake, historia ni ya mtu mwingine. Sisemi wanaume ni wabaya. Nasema andika jina lako.

Na pesa za upatu msizipitishe kwenye akaunti ya biashara. Mtaji wangu wa kwanza ulitoka kwenye upatu, nauheshimu mno, wanawake wenzangu ndio walioninunulia jiko kabla benki haijanijua. Lakini kijumbe akiwa na fedha za watu kumi na mbili zinaingia na kutoka kwenye akaunti ile ile ya sambusa, benki itauliza, na majibu ya "ni ya akina mama" hawayaelewi. Kuna mwenzetu akaunti yake ilifungiwa katikati ya msimu wa harusi, unga hana cha kununulia.

Huku kwetu ile namba ya usafi ni lazima uibandike mlangoni. England ni hiari. Hata hivyo, ukiwa na 5, ionyeshe.

---

Kutoka: Mama Shamsa, Leicester

Ahsanteni sana nyote. Shangazi, kila kitu kwa jina langu, na akaunti yangu, alhamdulillahi. Viza si tatizo, sisi tuna paspoti. Suala langu ni hiyo barua ya wakala tu. Kuna yeyote aliyepata barua kama hii?

---

Kutoka: Neema, Reading

Mimi nyumba yangu ni ya kaunsili kwa hiyo sijui ya wakala binafsi. Lakini kwa vile mmetaja biashara, dagaa wa Mwanza mnawapata wapi? Nilikwenda likizo nikarudi nao kwenye sanduku, sikuzuiwa, samaki ruhusa mpaka kilo 20. Nikiwapika tu ndani natamani kulia, harufu ni ya jikoni kwa mama.

---

Kutoka: Bi Zuhura, Milton Keynes

Hizo kilo 20 ni za kula nyumbani kwako, dada, si za kuuza. Za kuuza zataka cheti cha afya na ukaguzi wa mpakani. Usiwapakie watu kwenye vimfuko. Na nyama na maziwa usithubutu kubeba hata kwa kula.

---

Kutoka: Juma, Barking

Tunajenga biashara za watu huku, na kwetu je? Mke wangu anataka kufungua jiko la kuoka mikate Kibaha kwa pesa aliyoichuma mwenyewe, lakini alipochukua paspoti ya Uingereza akapoteza uraia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamhesabu mgeni. Sasa wanatuambia hadhi maalumu kwa waliopoteza uraia kama yeye, Bunge limepitisha 2025. Hadhi si uraia. Kura hana.

---

Kutoka: Bi Zuhura, Milton Keynes

Hapo nakuunga mkono. Sisi Wakenya twashika paspoti mbili tangu katiba ya 2010, na sijaona nchi iliyobomoka kwa hilo. Dada yangu ana duka Likoni na mwingine hapa Luton, kote ni raia.

---

Kutoka: Shangazi wa Cardiff

Juma, mkeo asisubiri uraia pacha. Aanze na mbia aliye Kibaha, na wakili aandike nani ana nini kabla hata tofali moja halijanunuliwa. Jina lake liwemo.

---

Kutoka: Neema, Reading

Samahani nami niulize: UTR yangu haijaja na nimeomba zamani, na nataka kujaza marejesho ya kodi kabla ya 31 Januari. Napiga simu au nasubiri barua?