Applied Energistics 2: seli inakataa vitu ilhali baiti zimebaki

Mjenzi_Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu tunacheza Minecraft kwa zamu hapa Tabata. Mwezi uliopita tuliachana na makasha ya kawaida, ambayo hata ukiyaunganisha mawili hupati zaidi ya nafasi 54, tukahamia kwenye hifadhi ya Applied Energistics 2, modi (nyongeza ya mchezo) inayohifadhi vitu kwenye mtandao wa vifaa, kwa mtindo wa kompyuta. Tuna draivu moja (kifaa cha kuchomekea seli) yenye seli nne za 1k, ambazo ndizo zinazobeba vitu. Tangu tujenge mtego wa kuulia mifupa hai, mishale na mawe bado yanapokelewa, lakini ngano tuliyovuna jana imekataliwa kabisa. Nimeitoa seli ya nne na kukuta imetumia baiti 512 kati ya 1,024. Kwa nini inakataa wakati nusu nzima iko wazi?

Kaka_Mbezi
Unda seli za 4k, tatizo litakwisha.

Fundi_Kigogo
Kaka_Mbezi, naomba nitofautiane nawe, kwa sababu seli ya 4k itamrudisha hapa baada ya siku chache.

Ndugu Mjenzi, tazama mstari wa pili wa maelezo ya seli hiyo, ule unaohesabu aina. Seli ya vitu, iwe ya 1k au ya 64k, haipokei zaidi ya aina 63, na kila aina hukatiwa baiti zake kabla ya kitu chenyewe kuhesabiwa: baiti 8 kwenye seli ya 1k, 32 kwenye ya 4k, 512 kwenye ya 64k. Baiti moja hubeba vitu 8. Kwa hiyo aina 63 zenye kitu kimoja kimoja zinakula baiti 504 za aina na 8 za vitu, jumla 512, ambayo ndiyo namba uliyoiandika. Mawe yanaingia kwa sababu aina yake imeshasajiliwa, ilhali ngano ni ngeni.

Sasa, aina hizo zimetoka wapi? Nina hakika ni pinde. Upinde mpya una uimara wa 384, na zile zinazoangushwa na mifupa hai huwa zimechakaa kwa viwango tofauti, hivyo mtandao unauhesabu karibu kila upinde kuwa aina mpya. Ni sawa na duka la jumla la Kariakoo kutenga rafu nzima kwa kila kiatu kibovu kilicholetwa, halafu mteja wa mchele akaambiwa hakuna nafasi.

Zizuie pinde kabla hazijaingia kwenye mtandao, zipeleke kwenye kasha la kawaida, kisha ziunganishe mbili mbili kwenye gridi ya kuundia vitu: uimara wake hujumlishwa na kuongezewa asilimia 5, ingawa urogi (nguvu za kichawi) wowote uliokuwamo hupotea. Zikishafika 384 bila urogi, zote ni aina moja tu. Mishale na mifupa ningeihamishia kwenye droo za modi ya Storage Drawers, ambapo droo nzima ya kitu kimoja hubeba rundo 32, yaani vitu 2,048, halafu ningeunganisha kidhibiti cha droo na mtandao ili mwendelee kuona kila kitu kwenye skrini ileile.

Mjenzi_Tabata
Nashukuru sana, kaka. Nimehesabu pinde 58 kwenye seli hiyo moja! Nimezitoa, na ngano imeingia. Ila nilipounganisha droo, mtandao mzima umezima, hata skrini haifunguki.

Fundi_Kigogo
Bila shaka hamna kidhibiti cha ME, yaani kifaa kikuu cha mtandao wa modi hii. Mtandao usio nacho unahimili chaneli 8 tu (chaneli ni nafasi ya kuunganisha kifaa kimoja), na kifaa cha tisa kikiongezwa, vyote vinavyohitaji chaneli huzima. Ondoa kimoja kwa sasa. Mkishaunda kidhibiti, kila upande wake utawapa chaneli 32, lakini tumieni kebo nene, kwa kuwa ile nyembamba hupitisha 8 tu.