Mrejesho: Nata ya maji ya nazi sasa inanenepa

Niliuliza hapa kwa nini utando wa nata (chakula kama jeli kinachotengenezwa na bakteria juu ya maji ya nazi) unaishia milimita 3 baada ya siku 10, tena umeachana matabaka kama karatasi. Asanteni sana wakuu, majibu yenu yamezaa matunda.

Matabaka yalitokana na kusogeza trei. Utando ukizama kidogo tu, bakteria wanaanza mwingine juu yake, maana wanataka hewa. Trei sasa haiguswi, imefunikwa kitambaa safi.

Wembamba ulitokana na kukosa naitrojeni na kuzidisha sukari: glukosi nyingi hugeuzwa asidi ya glukoniki, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inashuka mno, ukuaji unadorora. Kwa lita 1 ya maji ya nazi iliyokomaa: sukari gramu 50, amonia salfeti ya kiwango cha chakula (ndiyo ya kuleta naitrojeni) gramu 5. Chemsha dakika 10, poza kabisa, tia siki hadi pH 4.5, kisha kianzio (majimaji yenye bakteria hai wa nata) mililita 100. Kina cha maji kwenye trei kiwe sentimita 3, joto nyuzi 28–30.

Siku ya 12 utando umefika sentimita 1. Kisu kinapita bila kuuachanisha, mweupe, unateleza kama nyama ya dafu. Ukali wa siki unaisha ukiloweka siku 3 kwa kubadili maji, kisha kuchemsha. Trei yenye ukungu mwaga yote, usikwangue.