Diski au kupakua: gemu unayoilipia ni yako kweli?

Mwenye mada, Majengo

Ndugu zangu wa Mombasa, nina swali moja na ningependa tulijadili bila kukasirikiana. Tuendelee kununua gemu za diski, au wakati wake umeshapita na sote tupakue tu?

Msimamo wangu nautaja mapema: diski. Wala sababu yangu kubwa si bei. Ni kwamba gemu ya kupakua haiazimiki.

Juzi binamu yangu alikuja kutoka Kisauni kuniomba gemu ya mbio za magari ambayo nishaimaliza. Nililipa karibu shilingi 9,000, na sasa imekaa tu ndani ya mashine. Nikajaribu kila njia. Ama ahamie kwangu, ama nimpe akaunti yangu yote pamoja na nenosiri. Kijana wa watu akarudi mikono mitupu. Mie nimekulia nyumba ambayo hakuna aliyekuja kuazima gemu akarudi hivyo.

Zama zetu za PS2, konsoli ya Sony, diski moja ya mieleka ya SmackDown! Here Comes the Pain ilizunguka nyumba sita. Ilikaa kwenye bahasha ya kaki yenye jina la mwenyewe. Ikirudi imechubuka, unaipaka dawa ya meno, unaisugua kwa fulana kuukuu kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, halafu unaisuuza na kuiacha ikauke kivulini. Kadi ya memori ya megabaiti 8 ulitembea nayo mfukoni kama ufunguo wa nyumba, kwa sababu ligi yako yote ilikuwa humo.

Sasa tazameni aina za gemu zilizofifia. Mpira wa mtaani: FIFA Street ya mwisho ilitoka 2012. Midnight Club, ya mbio za magari mjini, ya mwisho ni ya 2008. Mbio za magari za skrini iliyogawanywa, wewe juu mwenzako chini, siku hizi utazitafuta kwa tochi. Naamini zimefifia kwa sababu zilitaka watu wawili, runinga moja na diski moja, na kampuni hupata zaidi kila mmoja akiwa na akaunti yake chumbani kwake.

Tena hata hiyo unayopakua si yako. Jimbo la California lina sheria inayofanya kazi tangu Januari 2025: duka la mtandaoni haliruhusiwi kuandika "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia tu. Mwaka 2023 EA, kampuni inayotengeneza gemu hizo za mpira, ilipoachana na jina la FIFA, gemu za FIFA za nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Leo ukiitaka FIFA 23 na hukuwahi kuinunua huko, utaipata kwa mwenye diski tu.

Wa Bamburi

Kaka, nakuheshimu, lakini diski unayoisifu ni ile ya PS2. Ya leo ni kama ufunguo tu. Ukiitia, mashine inanakili gemu nzima, kisha inadai masahihisho ya gigabaiti kadhaa kabla hujaona uwanja. Na hebu niambie kuhusu The Crew, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft. Seva zake, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu ilizitegemea, zilizimwa 31 Machi 2024. Waliokuwa na diski walibaki na nini? Na plastiki. Gemu haikuwaka kwa aliyepakua wala kwa mwenye diski.

Mie ninapakua na sijutii. Nangoja punguzo. Mwaka huu wote sijalipa zaidi ya shilingi 2,000 kwa gemu moja. Wewe ulitoa 9,000 kwa sababu uliitaka wiki ile ile iliyotoka, na hilo halihusiani na diski hata kidogo.

Tena tuelekeako ni wazi. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 haina mahali pa kutia diski mpaka ununue kifaa chake kando. Tutang'ang'ania mpaka lini?

Fundi, Mwembe Tayari

Mimi hizi mashine nazifungua kila siku, acheni niwaambie ninachokiona mezani. Ukiitoa skrubu ya mwisho ukainua kifuniko, kwanza unakutana na vumbi lililoshikana kama sufi. Chini yake kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na aliye karibu na bahari huniletea mashine yake mapema kuliko wa Mikindani au Jomvu. Lenzi ya kusomea diski ndiyo hudhoofika kwanza. Mteja anadhani diski yake ni mbovu kumbe jicho la mashine limeingia ukungu. Kwa hiyo upande huo Bamburi ana haki: anayepakua haumizwi na lenzi.

Lakini kuhusu kununua, watu wengi hawanunui, wanabadilisha. Unaleta diski uliyoimaliza, unaongeza pesa kidogo, unaondoka na nyingine. Mtu akiingiza pesa mara moja kwenye diski ya kwanza, anaweza kucheza gemu tano kwa mwaka kwa nyongeza tu. Mjini hapa vijana wengi wasio na mshahara wa mwezi wanacheza hivyo, na kupakua hakuna mlango wa namna hiyo.

Siri moja: diski ya mpira uza kabla ya Septemba. Toleo jipya la EA Sports FC hutoka mwezi huo, na la zamani bei yake huanguka siku hiyo hiyo. Diski za ngumi na hadithi hazianguki hivyo. Sasa hivi nina Tekken 8 ya PS5 kabatini, haina hata mkwaruzo.

Dada wa Likoni

Samahanini kaka zangu, lakini mnazungumza kana kwamba kila mtu ana konsoli nyumbani. Huku kwetu gemu ni simu. Panda feri jioni watu wakitoka kazini utaona wenyewe: eFootball, Call of Duty: Mobile, PUBG. Hakuna diski, hakuna bei mlangoni. Kampuni ya Konami waliigeuza PES, gemu yao ya mpira, ikawa eFootball ya bure Septemba 2021. Ilianza vibaya, nyuso za wachezaji zikachekwa dunia nzima, lakini leo ndiyo ninayoicheza kila siku.

Ila hilo neno bure nalo tulitazame. Ramadhani iliyopita nilikaa nikahesabu jumbe zote za malipo kwenye simu yangu. Mia moja hapa, mia mbili hapa, sarafu za ndani ya gemu za kutafutia mchezaji. Zilifika shilingi 4,300 kwa miezi minne, na bando sijalitia. Nilishtuka sana. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye ninunuaye ghali kuliko nyote, na mchezaji niliyemtafuta sikumpata.

Mwenye mada, kuna jambo moja sikubaliani nawe kabisa. Unasema kucheza pamoja kumekufa. Sisi tunakaa wanne barazani kila mtu na simu yake, bega kwa bega, tukipiga kelele mpaka mama anatoka. Na kwenye vibanda vya gemu vya kulipia vya zama hizo za PS2 mnazozikumbuka kwa raha, mimi sikuwahi kuketi. Msichana akiingia, padi haimfikii. Atasimama mlangoni mpaka achoke, na akipewa, wote wananyamaza kumtazama akosee. Simu ndiyo iliyonipa mimi nafasi ya kucheza. Msililie zama ambazo wengine hatukukaribishwa.

Mwenye kibanda, Kongowea

Dadangu wa Likoni, maneno yako yamenigusa, kwa sababu mimi ndiye mwenye kibanda. Kwangu nimeweka zamu kwa karatasi: jina lako likifika unacheza, awe mvulana au msichana. Wameanza kuja, hasa Jumamosi asubuhi.

Kuhusu swali, mimi nilijaribu kupakua. Sony haina Kenya kwenye orodha ya nchi za akaunti zake, kwa hiyo hapa tunajisajili kama tuko Marekani au Uingereza, na kadi ya malipo ya huku mara nyingi inakataliwa. Unanunua vocha kwa mtu wa kati, naye ana faida yake. Kisha kupakua kwenyewe. Gemu ya gigabaiti 100 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 22, tena stima isipotee. Inaniuma, kwa sababu nyaya za SEACOM na TEAMS zilitoka baharini hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Tuko mlangoni pa intaneti ya Kenya nzima, na mimi nangoja siku nzima mstari ujae.

Siku moja intaneti ilikatika nikiwa na wateja watatu. Mashine ikakataa kufungua gemu, ikasema haiwezi kuhakikisha leseni. Mteja ameketi, padi mkononi, thelathini yake ameshanipa. Nikamrudishia. Tangu siku ile kibandani kwangu ni diski tu.

Na ngumi hazijafa. Mpira ndio unaolipa kodi, sikatai, lakini Tekken ndiyo inayowafanya wasiocheza wasimame kutazama. Arslan Ash wa Pakistan alishinda Evo, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, ya Japani na ya Marekani mwaka mmoja, 2019, naye alikomaa kwenye kumbi za gemu za Lahore, akipambana na watu wa mtaani waliokaa ubavuni mwake. Hapa kwetu Sylvia Gathoni, Queen Arrow, ameibeba Kenya kwa Tekken hiyo hiyo. Ninapowaambia wasichana wa Jumamosi habari zake, wanashika padi kwa namna nyingine.

Mzee wa Mji wa Kale

Nina miaka 51, mniruhusu maneno machache. Mie ni mtu wa gemu za mikakati, kujenga ngome na kutuma jeshi. Tulicheza Age of Empires II ya 1999 kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa waya, watu wanne, mpaka alfajiri. Kisha aina hiyo ikapotea, nami diski yangu ikaoza kwa unyevu, imetoboka kama jani. Nikadhani basi. Mwaka 2019 wakaitoa upya, nikaipakua, na hadi leo ninaicheza. Wanangu, aliyenirudishia gemu yangu ni kupakua. Msiihukumu yote.

Mwenye mada, Majengo

Shikamoo mzee. Nimesoma yote mara mbili.

Bamburi, kwa The Crew umenishinda. Diski peke yake hailindi kitu ikiwa gemu imefungwa kwenye seva ya watu. Ndiyo maana naunga mkono ile kampeni ya Stop Killing Games, iliyovuka sahihi milioni moja Ulaya mwaka 2025 ikitaka kampuni ziache gemu ikiwa inachezeka hata baada ya kuzima seva. Sahihi zetu za huku hazihesabiwi, lakini kampuni wakilazimishwa kule, gemu ni zile zile tunazocheza hapa.

Dada wa Likoni, nilisema vibaya. Kucheza pamoja hakujafa, ni mimi niliyekitazama kibanda kwa macho ya aliyekuwa ameketi. Nimekumbuka wasichana wawili wa mtaani kwetu waliokuwa wakisimama pale mlangoni, na sikumbuki hata siku moja niliyowapisha.

Lakini swali langu la kuazima halijajibiwa na yeyote. Bamburi kaeleza bei, mzee kaeleza kufufuka, na yote ni kweli. Binamu yangu bado hana gemu. Kitu nilicholipia kwa jasho langu siwezi kumpa ndugu yangu kwa wiki moja, na fundi kanionyesha kwamba siwezi hata kukibadilisha. Sioni kwa nini tulikubali hilo kirahisi hivi.

Kuanzia sasa gemu ya hadithi, ninayoicheza peke yangu mara moja, nitaipakua ikishuka bei. Ya watu wawili nitanunua diski, hata kama nitangoja.

Fundi, hiyo Tekken 8 ipo bado?

Fundi, Mwembe Tayari

Ipo. Njoo na ya kubadilisha, utaongeza kidogo tu.

Mwenye mada, Majengo

Sina ya kubadilisha. Zote za mwaka huu nilipakua. Niwekee mpaka Ijumaa, nitakuja na pesa kamili, na nitakuwa na binamu yangu.