Naomba ushauri: nauguza nyumbani, je, hii si ibada?

Wapendwa, namuuguza mama aliyepooza, mwezi wa nne sasa sijakanyaga kanisani. Nikimgeuza kitandani naimba pambio taratibu, naye hugongagonga kidole kufuatisha. Kwangu hiyo ni ibada kabisa. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria kwamba kuabudu si mlimani wala Yerusalemu, bali katika roho na kweli (Yohana 4:21-23). Ila mzee wetu wa kanisa ananisomea Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika, kana kwamba nimetoroka! Na sitaki kudanganya, dhamiri inanisuta kidogo; nawakumbuka wenzangu.

Mliowahi kuuguza, mlifanyaje? Nitafute wa kunipokea zamu Jumapili niende kanisani, au niwaombe wachache waje tusali hapahapa kando ya kitanda?