Kuponi za punguzo kwenye migahawa midogo ya Kiasia hapa Houston: hesabu yake inalipa kweli?

Mkaazi wa Alief ameuliza:

Asalaam aleikum, na habari za siku nyingi kwenu nyote mlioko Houston na viunga vyake.

Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 12, na tangu tuhamie upande wa Alief miaka miwili iliyopita tumekuwa tukipita Bellaire Boulevard kila siku bila kuingia hata mgahawa mmoja. Vibao vya majina ya barabara huko vimeandikwa pia kwa Kichina, na kila uwanja wa maduka una migahawa ya Kivietinamu, ya Kichina, ya Kithai na ya Kikorea iliyopangana ukuta kwa ukuta, lakini sisi tulikuwa tukirudi nyumbani kupika wali na maharage kwa sababu mbili: mfuko hauruhusu, na hatukujua tukiketi tutaagiza nini.

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu alinionyesha vocha za chakula zinazouzwa mtandaoni (si vocha za simu tulizozizoea), ambazo unalipa fedha kidogo na kupewa haki ya kula chakula cha fedha nyingi zaidi. Nilinunua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mgahawa wa Kithai, dola 18 kwa chakula cha dola 30, nayo ilipokelewa bila neno. Ya pili ilikuwa ya dola 25 niliyoinunua kwa dola 10, katika mgahawa wa Kivietinamu. Sote wanne tulikula na bili ikafika dola 46, ndipo mhudumu akatuonyesha kwa upole kwamba vocha haifanyi kazi mpaka chakula kifike dola 50 kabla ya kodi, tukalazimika kuongeza sahani ya vibunda vya kukaanga ya dola 6 ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuila. Ya tatu, ya mgahawa wa Kimalaysia, ilikataliwa kabisa kwa sababu tulikwenda Ijumaa usiku na yenyewe hutumika Jumapili hadi Alhamisi tu, tukalipa bei kamili huku watoto wakitutazama.

Naomba ushauri wenu. Je, kwa familia kama yetu vocha hizi zina faida yoyote, au tunajidanganya? Bakshishi hutolewa kwa kufuata bili ya kabla ya punguzo au ya baada yake? Na ninyi mnaojali masuala ya nguruwe na pombe katika chakula, mnaagizaje katika migahawa hii bila kumhoji mhudumu kama polisi?

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Wa aleikum salaam, mama. Nitaanza na ile vocha ya pili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri mahali fedha zinapopotelea.

Chakula chenu kilikuwa cha dola 52 baada ya kuongeza vile vibunda. Tuchukulie kwamba kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 ilitozwa kwenye kiasi chote, ambayo ni dola 4.29, na kwamba mlitoa bakshishi ya asilimia 18, yaani dola 9.36. Bila vocha mngelipa dola 65.65. Kwa vocha mlilipa dola 50.65, ukijumlisha na zile 10 ulizozitanguliza mtandaoni. Mliokoa dola 15, ambazo si nusu ya bei kama tangazo linavyomfanya mtu aamini, bali ni chini kidogo ya robo ya fedha zote ambazo mngelipa bila vocha.

Hata hizo 15 si zenu zote, kwa sababu hamkuhitaji vibunda. Mngekula kile mlichokitaka cha dola 46 na kulipa kodi na bakshishi yake, mngetoka na bili ya dola 58.08. Kwa hiyo faida yenu halisi jioni ile ilikuwa dola 7.43 na sahani moja ya kubeba nyumbani. Linganisha na vocha ya Kithai, isiyokuwa na kiwango cha chini: uliweka 18 ukala za 30, dola 12 zikabaki kwako bila masharti. Mimi nikiona vocha, sitazami kwanza punguzo bali natazama kiwango cha chini cha bili, kisha najiuliza kama familia yangu ingefika hapo kwa hamu yake yenyewe. Mgahawa wa supu za tambi, ambako bakuli moja linamtosha mtu mzima, mara nyingi haufai kwa vocha ya dola 50. Mgahawa ambao watu huagiza sahani nyingi za kugawana, kama wa Kichina au wa Kimalaysia, unafaa.

Vocha yako iliyokataliwa usiitupe. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Agosti 2010 inasema fedha ulizolipia kadi za zawadi haziwezi kuisha muda kabla ya miaka 5, na hata ile nyongeza ya punguzo inapokwisha, kampuni nyingi za vocha huendelea kuitambua vocha kwa kiasi ulichokilipa. Rudi siku ya Jumanne au Jumatano.

Vilevile angalia bei za mchana. Migahawa mingi ya Kithai na ya Kichina hapa hupunguza bei siku za kazi kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, ikikuwekea wali na supu ndogo kwenye bei hiyohiyo. Vocha karibu zote haziunganishwi na ofa hiyo, lakini nimeshapiga hesabu mara kadhaa nikakuta ofa ya mchana peke yake inaishinda vocha ya usiku.

Binti wa Pemba amejibu:

Dada yangu, suala la fedha nimewaachia wenye kalamu. Mimi nataka kukutoa hofu ya chakula, maana nilipofika hapa nilikaa mwaka mzima nikidhani kwamba vyakula hivi ni vigeni kwetu, kumbe kabati la viungo ni lilelile.

Chukua pho, ile supu ya tambi za mchele ya Kivietinamu. Mchuzi wake wa mifupa ya ng'ombe hupikwa kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu na iliki kubwa nyeusi, na ukiinamia bakuli utadhani umefunua sufuria ya pilau. Huletewa sahani ya pembeni yenye ndimu, pilipili, mrihani, na vichipukizi vyeupe ambavyo si kitu kingine bali choroko zilizooteshwa. Chakula cha Kithai kina tui la nazi na mchaichai. Mchuzi wao uitwao massaman, wenye viazi, karanga, iliki na mdalasini, jina lake linatajwa kuwa limetokana na neno Musulman, yaani Muislamu, na kwa mtu wa pwani ndio mlango mzuri wa kuingilia. Kwa Wamalaysia kuna satay, ambayo ni mishikaki yenye mchuzi wa karanga, na roti canai, ambayo sitaieleza ili watoto wako waitambue wenyewe.

Kuhusu nguruwe, jifunze maneno machache nawe utapunguza maswali. Kwenye menyu ya Kivietinamu, bò ni ng'ombe, gà ni kuku, tôm ni kamba, cá ni samaki, na heo ni nguruwe. Neno chay, ambalo sikioni linafanana na chai yetu, maana yake ni chakula kisicho na nyama, na ipo migahawa ya chay mitupu inayopika kwa desturi ya Kibudha. Kwa Wajapani, tahadhari kubwa iko kwenye tonkotsu, kwa kuwa mchuzi huo mweupe mzito ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikatoa uji wake, na hata bakuli likija na kuku juu yake mchuzi unabaki uleule. Mirin, inayotiwa katika vyakula vyao vingi vya kung'aa, ina kilevi. Wachina hutumia mafuta ya nguruwe katika baadhi ya vitobosha vya unga, kwa hiyo hapo sina njia ya mkato, nauliza.

Kutokuwepo kwa nguruwe hakumaanishi kwamba nyama imechinjwa kwa sheria. Mimi mahali pasipokuwa na cheti cha halali naagiza samaki, kamba au mboga, na siku ninapotaka kuku wa Kichina kwa moyo mkunjufu nakwenda Hillcroft, kwenye eneo liitwalo Mahatma Gandhi District, ambako Wahindi na Wapakistani hupika Kichina chao wenyewe chenye pilipili na kitunguu saumu cha kutosha kumtoa mtu machozi.

Mhudumu wa Zamu ya Jioni amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi katika mojawapo ya migahawa hiyo mnayoizungumzia, sitautaja, na nilipenda msikie upande wa nyuma ya kaunta.

Swali la bakshishi lina jibu moja: hesabu juu ya bili ya kabla ya punguzo. Mhudumu anayepokea bakshishi hapa Texas anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Meza yenye vocha nimeibebea sahani zilezile na kuifuta vilevile, na mteja anayeacha asilimia 15 ya kilichobaki baada ya punguzo ameninyima nusu ya nilichofanyia kazi. Baadhi ya vocha huandika kabisa kwamba asilimia 18 itaongezwa kwenye bili kamili, basi soma kwanza usije ukalipa mara mbili.

Aibu ya kutoa vocha haipo. Onyesha mapema, kabla ya kuagiza, kwa sababu tabu yetu ni mashine ya malipo na si wewe. Wanaotuudhi ni wale wanaokuja watu wanane wenye vocha mbili, wakajifanya hawajuani, wakaketi meza mbili na kupitishiana sahani hewani.

Lakini mfahamu pia nani anagharimia punguzo hilo. Groupon, kampuni ya kuuza vocha hizi mtandaoni, ilipoanza Chicago mwaka 2008, ofa yake ya kwanza ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja, na mtindo uliojengeka tangu hapo ni kwamba kampuni huchukua karibu nusu ya fedha alizolipa mteja. Kwa vocha ya dada ya dola 18, basi, mgahawa wa Kithai unapata kama dola 9 kwa chakula kilichoandikwa dola 30 kwenye menyu. Viambato peke yake kwa kawaida ni karibu theluthi ya bei ya menyu, hivyo mwenye mgahawa amepika, ameosha vyombo na amelipa kodi ya pango bila kubakiwa na kitu, akitumaini kwamba utarudi siku nyingine bila vocha. Profesa Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, hapahapa Houston, aliwauliza wafanyabiashara 150 waliotumia Groupon na kuchapisha matokeo mwaka 2010: asilimia 66 walisema walipata faida, asilimia 32 walisema hawakupata, na migahawa ndiyo iliyofanya vibaya zaidi miongoni mwa biashara za huduma. Bosi wangu aliingia mara moja, Jumamosi mbili mfululizo tukaishiwa na tui, na hajarudia tena.

Mzee wa Katy amejibu:

Kijana, marahaba. Nakubaliana na hesabu yako, ila sikubaliani na huzuni yako. Mimi na mke wangu tumekwishatumia vocha kama kumi na mbili katika miaka hii, na migahawa mitatu kati ya hiyo tumeifanya yetu, tunakula huko kila mwezi kwa bei kamili. Mmoja ni wa Kikorea, nao nisingeuingia kamwe kwa hiari yangu, kwani nilidhani nyama ya kujichomea mezani ni kazi wanayomtwisha mteja. Mingine tisa hatukurudi, na haki ni kwamba miwili haikustahili hata bei ya vocha.

Mkaazi wa Alief amerejea:

Nawashukuru sana. Jumatano iliyopita, shule zikiwa zimefungwa, tulirudi kwa Wamalaysia na ile vocha iliyokataliwa. Niliionyesha kabla hatujaketi, nikauliza kuhusu nyama, nikaonyeshwa cheti ukutani. Kiwango cha chini kilikuwa dola 40 na sisi tulifika 43 bila kujilazimisha, kwa sababu roti canai ilipoletwa mwanangu mkubwa alitamka kwa sauti kwamba hizi ni chapati za bibi wa Tanga, wakaagiza nyingine mbili wakati satay haijafika. Bakshishi tuliihesabu kwenye zile 43. Mume wangu alitaka kujua kama tunaweza kununua vocha nyingine ya hapohapo, nikakuta masharti yanasema moja kwa mwezi kwa kila meza, kwa hiyo mara ijayo tutakwenda kwa fedha zetu.

Binti wa Pemba, ile migahawa ya chay uliyoitaja, hufunguliwa Jumapili mchana? Na je, wana kitu cha kumfaa mtoto asiyekula pilipili?