Naomba ushauri: barua ya siku za baharini, kutoka OS kwenda AB Marekani

Wakuu mabaharia mlioko Marekani, poleni na kazi. Niko kwenye tagi (boti ya kuvuta na kusukuma vyombo) hapa Houston, nataka kupanda kutoka OS (baharia wa ngazi ya chini) kwenda AB Special (daraja mojawapo la baharia mwenye uzoefu), inayodai siku 360 za kazi ya sitaha.

Kampuni yangu ya zamani imenipa barua yenye tarehe za kupanda na kushuka tu. Haitaji tani za chombo, wala kwamba tulifanya kazi saa 12 kwa zamu mbili. Bila hilo siku haihesabiwi kuwa siku moja na nusu, na hapo ndipo ninapopungukiwa. Nikipiga simu ofisini ni "wiki ijayo", wiki ijayo yenyewe haifiki.

Nahodha wetu wa wakati ule yuko tayari kusaini, ila karatasi yenye nembo ya kampuni hana. Coast Guard (walinzi wa pwani wa Marekani, ndio wanaotoa vyeti vya mabaharia) watamkubali, pamoja na hati zangu za mshahara? Au niendelee kuwang'ang'ania hao wa ofisini?