MJADALA: Kanda za kwaya za miaka ya 80 na 90 zinazopandishwa YouTube bila ruhusa, ni wizi au ni uokoaji?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi nikaona niliweke hapa tulichambue, na wale wa "kwani hii inaleta ugali" naomba mpite kimya kimya.

Kuna chaneli zimezuka YouTube kazi yake ni kupandisha kanda za kwaya za zamani. Siongelei hizi za juzi za akina Rose Muhando na Christina Shusho, naongelea kanda kanda, zile za Mapigano Ulyankulu, Barabara ya 13, Tumaini Shangilieni ya Arusha, AIC Chang'ombe, Makongoro Vijana ya Mwanza, Uinjilisti Kijitonyama. Mtu kaikuta kanda kabatini kwa marehemu mzee wake, anachomeka waya kutoka redio kaseti kwenda kwenye kompyuta, anapiga picha kava, anapandisha, basi. Ukishuka kwenye komenti unakuta watu wazima wanalia, mmoja yuko Kahama mwingine yuko Minnesota, wote wanauliza sehemu ya pili iko wapi.

Sasa majuzi kwaya moja, siitaji, imetoa tangazo kwamba nyimbo zao zote zitolewe la sivyo wanaenda kwenye sheria. Jamaa mmoja mwenye chaneli akaogopa akafuta kila kitu, vya kwaya hiyo na vya wengine. Nikampigia katibu wao, maana nafahamiana naye, nikamwuliza haya zile za zamani tunanunua wapi? Akaniambia masta, yaani rekodi mama ya studio, hawana, na kanda zenyewe hawana, labda nimuulize mama fulani wa sauti ya kwanza huenda anayo moja. Yaani umezuia kitu ambacho wewe mwenyewe huna!

Msimamo wangu: kwanza iokolewe, mambo ya nani anamdai nani yafuate. Kanda haisubiri. Anayekaa Dar au Tanga anajua ule ukungu mweupe unaoota kwenye utepe kwa unyevu wa pwani, ukiipiga inakoroma halafu redio inaimeza. Na nyingi tuliziua wenyewe, ile unaziba matundu ya juu kwa karatasi ya biskuti ili irekodike tena, unarekodi msiba wa shangazi juu ya kwaya. Karibuni, mje na hoja.

Katibu Mstaafu

Mleta mada umeongea kwa uchungu lakini umeruka sehemu muhimu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inasema haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Watunzi wengi wa hizo nyimbo wako hai wanalima mpunga, wengine bado wanafundisha kwaya mpaka leo. Hizo siyo nyimbo za mababu wa kale mpaka mseme ni mali ya umma.

Halafu acheni kutuuzia hilo neno uokoaji. Huyo muokoaji wenu amebandika logo yake katikati ya picha ya kava mpaka sura za wanakwaya hazionekani, jina la wimbo ameandika "KWAYA ZA ZAMANI ZILIZOTIKISA SEHEMU YA 7", kwaya yenyewe kaikosea, na matangazo kayawasha. Nimesikiliza kwa masikio yangu, pambio la toba, watu wanaimba kwa machozi, katikati linaingia tangazo la kubeti. Hela ya lile tangazo imekwenda wapi? Siyo kwa kwaya, siyo kwa kanisa, siyo kwa mjane wa mtunzi.

Tena wa Kwanza

Katibu hapo kwenye kubeti umenimaliza, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Ila mkuu, hata zilipokuwa zinauzwa kihalali kwaya zilipata nini? Mnakumbuka utaratibu ulivyokuwa. Kwaya inachangishana mwaka mzima, inaenda studio, inatoka na masta, inaipeleka kwa msambazaji Kariakoo, inalipwa hela kidogo na maboksi ya kanda waende kuuza wenyewe kwenye mikutano ya injili. Masta inabaki dukani kwa msambazaji. Biashara ya kanda ilipokufa na maduka yakageuka kuuza vifaa vya simu, masta zimekwenda na takataka. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya redio, Radio Tanzania walikuwa wanarekodi kwaya, na Sauti ya Injili kule Moshi, vipindi vyao vilikuwa vinarushwa na stesheni ya Walutheri ya Addis Ababa mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977. Wangapi humu wanajua kwamba kwaya za Uchagani zilikuwa zinasikika kutokea Addis? Kwa hiyo mnapomshambulia kijana mwenye redio kaseti mkumbuke waliopoteza ni wakubwa wenye maghala.

Mbishi wa Mtaa

Niwe mkweli, mnazipamba tu kwa sababu zinawakumbusha utoto. Nusu ya zile kanda sauti zimepanda, gitaa halijatyuniwa, na mipigo wameichukua Kongo yote kama ilivyo, wamebadilisha maneno tu wakaweka Yesu. Kusahaulika wakati mwingine ni haki yake. Siku hizi kuna saundi nzuri, kuna waimbaji wanaojua, ya nini kufukua?

Mleta mada

Mbishi umeanza.

Kwanza hilo la sauti kupanda, mara nyingi siyo kwaya, ni mashine. Redio kaseti ikiwa inazunguka kasi kidogo kuliko ile iliyorekodia, sauti ya kwanza inakuwa kama watoto wa chekechea na besi inasikika kama tena, yaani sauti ya tatu. Anayejua kazi anaishusha kwanza kwenye kompyuta mpaka ikae kwenye ufunguo wake, ndiyo maana nasema zifanywe vizuri zisifanywe kwa pupa.

Pili, chukua kwaya za Ulyankulu. Wale ni Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapewa makazi kule Tabora, hiyo "Barabara ya 13" unayoisikia ni anwani yao kule makazini, siyo jina la mbwembwe. Sikiliza wanavyojenga wimbo. Mwanzo unakwenda taratibu kama tenzi, akina mama wanasimulia habari, besi wanaitikia neno moja moja kwa chini, gitaa la rizimu linagonga tu pale pale bila haraka. Halafu wimbo ukishafika kwenye ahadi, safari imekwisha tunaona mji, gitaa la solo linafunguka, linachukua ile ile sauti ya akina mama linaizungusha, na kwaya nzima inahamia kwenye mwendo wa kucheza bila mtu kuhesabu moja mbili tatu. Ni sebene ndiyo, ule mchezo wa magitaa ya Kikongo, lakini imewekwa mahali penye sababu. Mtu anayeimba "kwetu siyo hapa" akiwa mkimbizi kweli kweli, hilo neno lina uzito ambao mimi na wewe wa Sinza hatuna.

Na wakati kanda zao zinapigwa kwenye kila basi la Mwanza, wenyewe kutoka makazini ilibidi kuwa na kibali. Uraia wale wa 1972, zaidi ya watu 160,000, wamekuja kukabidhiwa vyeti 2014. Sasa mkimbizi wa kibali angeshuka Kariakoo kubishana na msambazaji kuhusu hakishiriki?

Mbishi wa Mtaa

Hilo la kibali sikuwa nalo. Ila gitaa la Arusha bado halijatyuniwa 😂

Besi ya Chini

Mnapigania chaneli na kwaya, mmemsahau mtu mmoja. Nenda kachukue kava lolote la kanda ya kwaya ya zamani za Kilutheri, AIC, Pentekoste, zote hizo. Picha ya wanakwaya na sare mbele ya kanisa, jina la mchungaji, mwenyekiti, katibu, mhazini, S.L.P., jina la msambazaji, fundi mitambo, na chini onyo kwamba kunakili ni dhambi. Mtunzi yuko wapi? Hayupo! Wimbo umeandikwa "Kwaya". Eti ukiandika jina la mtu anatafuta utukufu wake.

Nenda kwa Wakatoliki. Shika karatasi ya nota yoyote, kona ya juu kulia kuna jina, J. Mgandu, G. F. Kayeta, Bernard Mukasa. Kwaya ya Bukoba ikiimba, kwaya ya Songea ikiimba, jina ni lile lile, na mwimbaji wa kijijini kabisa atakwambia huu ni wa Mgandu akisikia mistari miwili tu, kwa jinsi sauti zinavyopishana. Kwa hiyo nyimbo zao hazipotei hata kanda ikioza, maana ziko kwenye karatasi na zina mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tunafundishwa kwa mdomo, mwalimu anaimba sauti ya nne tunashika, anahamia ya tatu, na mwalimu akihama au akifa wimbo umebaki kwenye kanda peke yake.

Ndiyo maana mimi kelele za kwaya kwamba wameibiwa nazisikiliza kwa sikio moja. Wao ndio waliomfuta mtunzi wa kwanza, huyo wa YouTube kaja kukuta jina limeshafutwa zamani.

Katibu Mstaafu

Besi ya Chini umenigusa, nimekuwa katibu na nilikuwa naandika hayo makava. Utaratibu ulikuwa hivyo, hatukuwa tunadhulumu mtu. Mwalimu mwenyewe alikuwa anakubali.

Besi ya Chini

Alikuwa anakubali maana angekataa angeambiwa ana kiburi. Tuendelee.

Mwana wa Thika

Niaje wasee wa TZ, hii mada ni moto. Huku kwetu kuna mfano mnafaa muuone. Mzee Joseph Kamaru, yule wa benga ya Kikuyu, aliimba za dunia miaka mingi halafu akaingia injili, akafariki 2018. Mjukuu wake, anaitwa Joseph Kamaru vilevile lakini kimuziki anajiita KMRU, anafanya muziki wa sauti za ajabu ajabu huko Ulaya, ndiye ameanza kutoa upya kazi za guka wake Bandcamp, ule mtandao wa kuuzia muziki. Imetoka kwa familia, na pesa tunajua zinaenda wapi. Hiyo ndiyo sawa, si mtu baki.

Lakini pia niseme, kwetu hizi kanda zenu ndizo zilitulea. Munishi, yule mwimbaji wa injili, ni Mtanzania lakini muulize mtu yeyote aliyepanda matatu Nairobi miaka ya 90 kama hamjui. Kwa hivyo mkizifunga hamjifungii wenyewe tu, na sisi mnatufungia.

Tena wa Kwanza

Mfano wa Kamaru ni mzuri ila yule ni mtu mmoja mwenye familia. Kwaya ina watu 40, mjukuu wa kwaya ni nani?

Na kuna hili linaniuma zaidi. Remmy Ongala kanda zake za dansi zilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza na mpaka leo watu wa nje wanazitafuta. Mwishoni aliokoka akaimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Hizo za injili nani anazitafuta? Cosmas Chidumule hivyo hivyo, kila mtu anamjua wa bendi ya Mlimani Park, wa injili wanamjua waumini tu. Wazungu wanaofukua muziki wa Afrika wanataka baa na mapinduzi, kwaya wanaona ni mambo ya wamisionari, labda iwe Missa Luba, ile misa ya Kilatini ya Kongo ya 1958, na hata ile mwaka 1990 ilirekodiwa upya na kwaya ya Muungano ya Kenya chini ya Boniface Mganga ikatolewa na kampuni ya nje. Kwa hiyo tusikae tukisubiri kwamba iko siku atakuja mtu na mashine nzuri. Hakuna anayekuja. Ni huyu huyu kijana na waya wake.

Mleta mada

Nimesoma zote. Mimi napendekeza hivi, na mnikosoe. Kanda ipandishwe yote, upande A na B, kwa mpangilio wake, siyo kukatakata. Kava lipigwe picha mbele na nyuma lionekane lote bila logo. Matangazo yazimwe mpaka mwenye kazi apatikane. Na mwenye chaneli aandike juu kabisa: anayemjua mtunzi wa wimbo huu aseme. Nimeona kwa macho yangu kwenye komenti binti akiandika "huyu anayeanzisha ni marehemu baba yangu, yuko wa tatu kutoka kushoto kwenye picha", na chini yake mwenzake wa kwaya hiyo akamjibu na kumtajia aliyeutunga. Hiyo taarifa haipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wala kwenye jalada la kanisa lolote. Video ingefutwa ingeondoka nayo.

Katibu Mstaafu

La jina la mtunzi nakubali. La picha nzima nakubali. La kuzima matangazo ndiyo kabisa. Lakini ruhusa iombwe kwanza, kabla ya kupandisha, siyo baada. Simu zipo.

Tena wa Kwanza

Iombwe kwa nani, Katibu? Kwaya yangu mimi iligawanyika mwaka ule wa ugomvi wa vyombo, nusu wakahamia kanisa jingine wakabaki na jina, nusu tukabaki na jengo. Kanda ni ya kabla ya kugawanyika. Mmoja akikubali mwingine akikataa inakuwaje?

Katibu Mstaafu

Wakae wamalizane.

Tena wa Kwanza

Wamekaa toka enzi za Mkapa.

Besi ya Chini

Mwalimu aliyewafundisha yuko hai? Kama yuko hai muulizeni yeye, muacheni mwenyekiti na katibu wa pande zote mbili. Akisema ipandishwe, pandisha. Na mleta mada, yule jamaa aliyefuta chaneli yake, mafaili bado anayo au naye kayafuta kwenye kompyuta? Maana kuna kanda ya Makongoro Vijana pale upande B nilikuwa sijamaliza kuinakili nota.